Vitambaa vya Saa Nane

Chuo kilipoamua kuupoza mji, kilianza na rangi. Ile sakafu ya saruji mbele ya maktaba ilipakwa nyeupe pe, ndoo sitini za rangi, ikaitwa Uwanja wa Ubaridi. Profesa alieleza kwamba weupe hulirudisha jua lilikotoka. Hakueleza kwamba likiwa njiani kurudi hupitia machoni mwa watu, lakini hilo kila aliyeukatiza uwanja ule saa sita mchana aligundua mwenyewe, tena bila shahada.

Uwanjani yakasimamishwa masanduku manne ya kupimia joto, kila moja juu ya mlingoti unaofika kifuani. Mengine mawili yakafungwa juu kwenye mashina ya mikwaju sita iliyokuwa nyuma ya maktaba, ili rangi ishindanishwe na kivuli. Jaribio likifaulu, halmashauri ya jiji ingepaka mji mzima, na Profesa angekuwa mtu wa kupigiwa simu na wakubwa.

Sasa, ndege hawana adabu kwa sayansi. Walipoona milingoti mipya walishukuru, wakakaa, wakanya. Msimamizi wa majengo, mtu aliyetoa amri mara nyingi kuliko alivyopumua, akamwita Mama Dekio.

"Yale masanduku ya uwanjani yang'ae kila siku. Wageni wanaweza kuja wakati wowote."

"Na ya kwenye miti?"

"Hayo ni ya watu wa bustani. Usiingilie kazi za watu."

Mama Dekio alikuwa amefanya usafi chuoni pale miaka ishirini na mitatu, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu. Kinyesi cha ndege alikijua vizuri. Ukikikwangua kikavu, kinaondoka na rangi. Dawa yake ni kukilainisha: unachovya kitambaa kizito ndooni, unakikamua kidogo, unakitandika juu ya sanduku, unakiacha. Ukirudi unafuta mara moja, kwisha kazi. Basi kila siku saa saba na nusu alitandika vitambaa vinne juu ya masanduku manne, kisha akaenda zake chini ya mikwaju na wenzake watatu wa usafi. Wakala, wakasengenya, wakanyoosha miguu. Saa nane na robo alirudi kufuta.

Mapumziko yale hayakuwa anasa. Presha ilikuwa imemwangusha mara mbili, mara ya pili kwenye ngazi za jengo la utawala akiwa na ndoo mkononi, na daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: jua la mchana likimbie, la sivyo pensheni utaisikia kwa wenzako. Pensheni yenyewe ilikuwa miaka miwili mbele. Chumba walichopewa watu wa usafi kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kimejaa mapipa ya sabuni, na joto lake lingeweza kuoka mkate. Kwa hiyo alikuwa na mikwaju, basi.

Mwezi wa nne tangazo likabandikwa. Mikwaju yote sita itakatwa, uwanja upanuliwe mpaka nyuma ya maktaba. Vipimo vilikuwa vimesema. Profesa alikuwa amechagua kupima saa nane mchana, wakati jua halina mzaha, na kwa miezi mitatu uwanja mweupe ulisoma nyuzi ishirini na saba, kivulini thelathini na moja. Miti, ilisema ripoti, huhifadhi joto.

Mama Dekio alilisoma tangazo mara mbili, ndoo ikimning'inia mkononi. Akashika njia, moja kwa moja hadi kwa fundi wa vipimo, ambaye kwa bahati alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, hiyo mashine yenu ina akili timamu?"

"Inakushinda wewe," akasema fundi. "Ila kuna kitu kinaninyima usingizi. Hebu tazama."

Kwenye kompyuta kulikuwa na mstari. Kila siku ulipanda tangu asubuhi, ukifika saa saba na nusu ukaporomoka, na kabla ya saa tisa ukapanda tena.

"Jumapili hauporomoki," akasema fundi. "Jumapili uwanja unafika nyuzi arobaini na mbili. Na mwezi wa pili kuna siku tano vilevile."

Siku tano za mwezi wa pili Mama Dekio alikuwa kitandani hospitali. Akavuta kiti, akakaa.

"Saa saba na nusu ndiyo natandika vitambaa," akasema polepole.

"Vitambaa gani?"

Akamweleza. Fundi akavua miwani.

"Vimelowa?"

"Sasa kinyesi nitakilainisha kwa kitambaa kikavu, kwani mimi mgeni wa kazi?"

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauona uso wa shemeji yake, akaacha kucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Mama Dekio kilikuwa ndooni mwake. Miezi mitatu alikuwa anaikata ile miti kwa mkono wake, kidogo kidogo, na kwa bidii iliyomfanya asifiwe kwenye mkutano wa wafanyakazi.

"Nimejichimbia kaburi, shemeji," akasema. Iliuma, hakuficha.

Wakaenda kwa Profesa. Bingwa wa kupoza miji alikuwa amevaa sweta. Kiyoyozi kilinguruma juu ya kichwa chake, na kikombe cha chai kilifuka moshi mezani. Fundi alieleza habari ya Jumapili.

"Takwimu za Jumapili tumeziondoa," akasema Profesa. "Ni chafu."

"Ni chafu kweli," akasema Mama Dekio. "Jumapili hakuna anayefuta." Akaeleza vitambaa vyake mwanzo hadi mwisho.

Profesa alimpa lile tabasamu ambalo wasomi huwawekea wanaowapigia deki. "Mama, tunakushukuru sana kwa usafi. Lakini kwenye hesabu zetu hakuna kitambaa."

"Kwenye hesabu hakipo. Kwenye ndoo kipo."

"Halmashauri inakuja Alhamisi. Miti inakatwa Ijumaa." Profesa alivuta sweta shingoni. "Mlango mfunge vizuri mkitoka. Baridi inapotea."

Fundi alimsihi shemeji yake aache kutandika vitambaa. Wapi. Akiacha, ndege wataandika barua yao juu ya masanduku na msimamizi atamfukuza kabla ya jioni. Mama Dekio alikaa siku mbili akipima huku na huku, usingizi haumji.

Aliyemwokoa ni msimamizi mwenyewe, na mpaka leo hajui. Jumatano aliwapanga watu wa usafi mstari mmoja. Masanduku yafutwe alfajiri, akasema, na kuanzia saa nne asionekane mtu wa usafi uwanjani mpaka wageni waondoke. Mgeni rasmi asije akaona ndoo.

"Hata ndoo moja?" akauliza Mama Dekio.

"Hata kitambaa."

"Sawa, mzee." Katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kutii amri kwa moyo mkunjufu namna ile.

Alhamisi viti vilipangwa katikati ya uwanja, bila turubai, maana turubai lingeutukana mradi. Mgeni rasmi, mwenyekiti wa halmashauri, mtu mwenye mwili wake na suti ya vipande vitatu, alikaa saa nzima akijipepea kwa ratiba. Saa nane kamili Profesa akabonyeza kitufe, skrini ikawaka. Uwanja: arobaini na mbili. Miti: thelathini na moja.

Profesa akabonyeza tena. Arobaini na mbili na nusu. Akamwita fundi, na fundi, uso mkavu kama yuko msibani, akatamka kwenye kipaza sauti kwamba mitambo yote ni mizima.

Mgeni rasmi aliitazama skrini, akaitazama miti. Akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, huyo kivulini. Mgeni rasmi haachwi peke yake. Haikupita dakika tano shughuli nzima ilikuwa chini ya mikwaju, na Profesa nyuma yao akivuta waya wa kipaza sauti usiofika. Wafanyakazi wanne wa usafi waliyaona yote kutoka dirisha la juu la maktaba, wameuma midomo wasicheke.

"Profesa, mradi huu wa miti ni mzuri sana," akasema mgeni rasmi akifungua vifungo. "Ile nyeupe ni ya nini?"

Profesa, tumpe haki yake, alimeza mate mara moja tu. "Ile ni ya kulinganishia, mheshimiwa."

Ijumaa msumeno haukuja. Jumatatu ulikuja uzio. Waya ulizungushwa mikwaju yote sita, lango likatiwa kufuli na kibao: ENEO LA UTAFITI. HAIRUHUSIWI KUINGIA WALA KUKAA. JOTO LA MIILI LINAHARIBU VIPIMO. Mama Dekio alisimama nje ya waya na bakuli lake la chakula, jua utosini, mpaka kichwa kikaanza kumgonga. Hasira ilimpanda mpaka akaona chungu mdomoni. Miti wameiacha, kivuli wamekifungia.

Ndipo akaona kwamba Profesa, katika mapenzi yake mapya, alikuwa ameshusha masanduku kutoka kwenye mashina na kuongeza mengine, kumi kwa jumla, kila moja juu ya mlingoti wa kifuani. Na juu ya kila mlingoti, ndege.

Alimkuta msimamizi ofisini.

"Mzee, masanduku ya mitini bado ni ya watu wa bustani?"

"Kwani yana nini?"

"Yananuka. Na nasikia halmashauri inarudi."

Msimamizi akafungua droo, akatoa ufunguo. "Utafuta saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Ila kinyesi cha huku kigumu, mzee. Kinataka watu wanne."

Tangu hapo, kila siku, wanawake wanne hufungua lango, hutandika vitambaa kumi vilivyolowa, hufunga lango, na kukaa juu ya ndoo walizozipindua wakisubiri uchafu ulainike. Robo tatu ya saa haitoshi siku hizi, wanasema, ndege wa huku wanakula vibaya. Saa nane mchana mikwaju husoma nyuzi ishirini na tatu, na Profesa ameshaalikwa nchi tatu kwenda kueleza amefanyaje. Fundi humpelekea michoro kila mwezi, uso mkavu. Takwimu za Jumapili bado wanaziondoa. Pensheni ya Mama Dekio imebaki miezi kumi na tisa.