Lalani Kwanza, Hema Baadaye

1.

TANGAZO KWA WAPIGA KAMBI WOTE

Magari yenye vitanda yaegeshwe kwenye sakafu ya saruji tu. Mahema yasimikwe upande wa nyasi. Ni marufuku kulisha wanyama, kuwasha moto nje ya mafiga, na kupiga kelele zisizo za lazima. Kila mpiga kambi achague nafasi yake na kuijulisha ofisi kabla ya kushusha mizigo. Akishachagua, hatabadilisha.

(Chini yake mtu ameongeza kwa mkaa: *na asiyejua kuchagua je?*)

2.

"Hapana," alisema Bi. Mwajabu. Alikuwa amelala chali juu ya saruji, viatu amevivua, mkoba kifuani.

"Mama, hata hujatulia," Zaituni akamwambia.

"Nitatulia vipi? Huku ni kulala gereji. Niinueni."

Wakamwinua, binti mkono wa kulia, kaka mtu mkono wa kushoto. Hilo lilikuwa jambo la kwanza Zaituni na Idrisa kulifanya pamoja tangu walipomzika baba yao, na hakuna aliyelitaja.

Kambi hii ameichagua Zaituni. Ina maji ya moto, choo cha kukaa, taa kila kona. Gari-nyumba alilolikodi Arusha, lenye kitanda na jiko na pazia la maua, lilikuwa limeshachomekwa umeme. Akalichomoa kwa hasira, kwa sababu Idrisa alikuwa anacheka.

3.

*Kwa Bi. Mwajabu Selemani, mjane wa marehemu Ramadhani Kimolo, dereva wa greda (mstaafu).*

*Unaarifiwa kuwa nyumba ya watumishi unayoishi itabomolewa kupisha jengo jipya. Unatakiwa kukabidhi funguo ifikapo mwisho wa mwezi. Ofisi inakutakia makazi mema.*

4.

(Simuni. Idrisa yuko Dodoma, Zaituni Arusha.)

— Atakuja kwangu. Kuna chumba cha uani, kina mlango wake. Atacheza na wajukuu.

— Chumba cha uani si ndicho unachofugia kuku?

— Kuku nimewahamisha.

— Harufu nayo umeihamisha?

— Na wewe huko ghorofani, ngazi zote zile, atakuwa anapandishwa na nani? Winchi?

— Mimi ndiye binti yake, Idrisa. Mama hukaa kwa

Hapo simu ilikatika. Au ilikatwa.

Bi. Mwajabu, pale Kibaya, alipopigiwa na huyu kisha na yule, aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akawapa jibu moja: "Nipelekeni kambini, kule uwandani tulikokuwa na baba yenu. Mkinipatia pa kulala, nitawaambia nakwenda kwa nani."

Ndiyo maana Zaituni amekuja na gari-nyumba, Idrisa amekuja na pikapu na hema, na mama yao anapanda magari yao kwa zamu, asije akaonekana amependelea. Na ndiyo maana kila hapana anayoisema inamkata Zaituni maini. Mwisho wa mwezi haungoji.

5.

Wewe unayesoma, lala chini.

Si kitandani. Toka nje, tafuta mahali penye nyasi, ulale chali bila kutandika kitu. Ndivyo Mzee Kimolo alivyokuwa akichagua kambi, na hakuwahi kuichagua kwa njia nyingine. Alikuwa anazima greda jua likiwa bado liko juu, anashuka, anatembea huku na huku akipigapiga ardhi kwa kisigino, kisha anapaza sauti:

"Lalani!"

Wanalala wote wanne mstari mmoja. Baba mwanzo, upande unakotoka upepo, kisha Mama, kisha Idrisa, kisha Zaituni, kitinda mimba. Hakuna kushusha hata sufuria. Hakuna kuongea. Unasikiliza kama mgongo umepokelewa.

Halafu anauliza, akianzia kwa mdogo, ili maneno ya wakubwa yasimlemee.

"Zaituni?"

"Ndiyo."

"Idrisa?"

"Ndiyo."

"Mama Idrisa?"

Mmoja akikataa, wote wanahama. Na anayeulizwa lazima ajibu. "Kunyamaza ni kukubali kwa mwali anayeozwa," alikuwa akisema. "Si kwa mtu anayetafutiwa pa kulala."

(Umelala? Haya. Usijibu bado.)

6.

Zamani.

Greda la njano likivuta karavani, kijumba cha magurudumu cha rangi ya machungwa, barabara nzima ya uwanda wa Simanjiro, kwenda na kurudi. Wakifika mwisho, mwanzo umeshaharibika. Wakati wa likizo watoto walikuwa wanapelekwa kwa baba yao na gari la kokoto, wamekaa juu ya turubai, meno yamejaa vumbi kwa kucheka.

Harufu ya dizeli na ya nyasi zilizokatwa na bapa la greda. Chai ya moshi. Mbuni wakikimbia sambamba na karavani utadhani wameahidiwa kitu. Baba akisema, "Barabara nzuri haionekani. Ukiiona, jua imekurusha."

Zaituni alikuwa mdogo, kwa hiyo alilala na wazazi ndani ya karavani. Anakumbuka dirisha dogo la duara na taa ya chemli ikining'inia.

Idrisa alikuwa mvulana, kwa hiyo alilala nje kwenye hema. Anakumbuka turubai likipumua.

Kila mmoja amekuja na utoto wake. Mmoja kaukodi, mwingine kauazima kwa jirani, na wanagombana ni upi uliokuwa kambi yenyewe.

7.

Kambi ya pili, chaguo la Idrisa.

Hakuna saruji, hakuna umeme, wala choo cha kukaa. Kuna kilima cha mawe, kuna hewa, na kuna udongo mweusi ambamo gari-nyumba lilizamisha magurudumu yake ya nyuma kabla halijafika. Walilisukuma. Yaani Idrisa alilisukuma, Zaituni akikanyaga mafuta, na matope yote yakamwishia kaka mtu usoni.

"Samahani," Zaituni akasema kwa dirisha. Hakuwa na samahani hata chembe.

Bi. Mwajabu akavua viatu. Akalala chali bila kushikwa.

"Ng'ombe hazeeki maini," akasema Idrisa, akijifuta.

Zaituni akalala upande mmoja wa mama yake, Idrisa upande wa pili. Kwenye nafasi ya baba, upande wa upepo, hakulala mtu. Hawakupanga iwe hivyo.

"Zaituni?" Idrisa akauliza, maana sasa mwenye kuuliza ni yeye.

"Hapa hapana maji," Zaituni akajibu.

"Sikuuliza maji."

"Haya, ndiyo. Mradi tumalize."

"Mama?"

"Hapana."

"Kuna nini?"

"Siafu."

Zaituni akainuka. Akainama, akapekua nyasi kwa mikono yake yote miwili, akazunguka mpaka kwenye tairi la pikapu.

"Siafu wako wapi? Mama, siafu wako wapi? Nionyeshe hata mmoja! Nimeomba ruhusa kazini, nimeacha watoto kwa jirani, gari linatakiwa kurudishwa, na wewe unatuzungusha hapa kama

kama"

Akashindwa kumalizia. Alikuwa anataka kulia, akaona haya.

"Kwani mimi," Bi. Mwajabu akauliza, akiwa bado amelala, akilitazama anga, "mnanitafutia pa kulala au pa kuniweka?"



8.

(Sauti ya Bi. Mwajabu. Amekaa kwenye ngazi ya gari-nyumba, kikombe cha chai mkononi. Wanawe wamesimama.)

Mlidhani mama yenu mkorofi. Tangu utotoni mlidhani hivyo, nilikuwa nawasikia. "Mama naye, kila siku kisiki mgongoni." Kweli, hapakuwa na kisiki. Uwanda mzima ule hapakuwa na mti, kisiki kitatoka wapi?

Baba yenu alikuwa hajui kupumzika. Greda linamtikisa tangu asubuhi kama pumba kwenye ungo, akishuka mgongo umekaza, lakini tukishakubaliana kambi tu, anaanza. Mara vigingi vya hema, mara kuni, mara kuipaka mashine grisi. Kutwa nzima alikuwa halali chini ila wakati ule wa kuuliza.

Basi nikawa nakataa.

Nikikataa, tunasogea. Tukisogea, sharti alale tena. Ipo siku nilimkatalia mpaka akasinzia hapohapo chini. Nyinyi mlikuwa mnafukuza panzi. Nikamwacha, nikamfunika uso kwa khanga, jua lisimchome.

"Na alijua?" Idrisa akauliza.

Alijua. Aliniambia siku moja, "Mwajabu, visiki vyako vinahama na sisi."

Zaituni akacheka, na kilio alichokuwa amekizuia kikapata mlango humohumo.

"Sasa sisi hatuendeshi greda, Mama. Sisi unatukatalia nini?"

Bi. Mwajabu akamwaga machicha ya chai kwenye nyasi. Akamtazama binti yake, akamtazama mwanawe mwenye matope masikioni.

Nyinyi mmechoka kuliko yeye.

9.

KARIBU KAMBI YA KIJIJI
Maji yapo (bomba moja)
Choo kipo
Pa kulala: popote
Lango linafungwa giza likiingia
Muulize Naserian

10.

Popote.

Uwanda umenyooka mpaka macho yanachoka. Nyasi za baada ya masika zimeanza kuwa na rangi ya asali, zinalala upande mmoja upepo ukipita, kisha zinainuka. Kule mbali, mvua inanyesha kwa watu wengine. Huenda kambi yao ya zamani ilikuwa palepale. Huenda si hapo. Uwanda hauna alama, na barabara aliyoichonga Mzee Kimolo ilishawekwa lami na kusogezwa.

Zaituni hakutafuta mahali pa kuchomeka umeme. Alizima gari, akaacha mlango wazi. Idrisa alishusha hema likiwa ndani ya mfuko wake, akaliweka chini, hakulifungua.

Akatembea. Akapiga ardhi kwa kisigino. Zaituni alikuwa amemwona kaka yake akitembea maisha yake yote, na hakuwahi kugundua kwamba anatembea hivyo.

"Lalani," Idrisa akasema.

Safari hii alilala upande wa upepo, nafasi ya baba. Mama katikati. Zaituni mwisho, pale alipokuwa akilala siku zote. Ardhi ilikuwa na vuguvugu. Akatulia kusikiliza mgongo wake, na alichokisikia kilimshangaza: umechoka. Umechoka kwa ngazi za ghorofa anazopanda na ndoo, kwa kazi, kwa kuwa mwenye haki katika kila simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye miaka yote alikuwa anamwona Idrisa amebeba usufi. Akageuza shingo. Kaka yake alikuwa amefumba macho, na matope ya kambi ya pili yamekauka shavuni. Amezeeka huyu, Zaituni akawaza, na akamwonea huruma.

Hakuna aliyeharakisha kuuliza.

Upepo.

Nyasi.

Upepo.

"Zaituni?"

"Ndiyo," akasema, na alimaanisha.

"Na mimi ndiyo." Kisha, baada ya kitambo: "Mama?"



"Mama?"



11.

(Naserian, mlinzi wa kambi ya kijiji, kwenye simu na mwenzake.)

Eeh, wamefika. Watatu. Wana gari lenye kitanda, zuri kweli, na hema, halafu wamelala chini kwenye nyasi kama ng'ombe waliotoka mnadani.

Hapana, hawajafa! Nimewasogelea. Bibi anakoroma.

Anakoroma, nakwambia. Mdomo wazi. Yule binti amemfunika uso kwa khanga kwa sababu ya jua.

Nimewauliza, niandike mnabaki? Yule mwanamume kanijibu kwa kunong'ona, "Bado, dada. Mmoja hajajibu." Nikamwambia, si amelala, basi amekubali. Wote wawili wakanitazama kama nimetukana. Binti akasema, "Kwetu kunyamaza si kukubali."

Sasa sijui. Lango nalifunga giza likiingia, na lile wingu naona limegeuza njia, linakuja huku.

Nani? Hawa? Walaa. Hawana dalili ya kuinuka.

12.

Tone la kwanza lilidondoka kwenye mkono wa Zaituni. La pili kwenye mfuko wa hema. Mlango wa gari-nyumba ulikuwa unapigwa na upepo, ukifunguka na kujifunga.

"Tumwamshe?" Idrisa akanong'ona.

"Tukimwamsha atasema hapana."

"Na tusipomwamsha hatutajua anakwenda kwa nani."

Zaituni akafikiria chumba cha uani. Akafikiria ghorofa. Akajaribu kumlaza mama yake kwenye kimoja, kisha kwenye kingine, mgongo ule uliokataa saruji na siafu wasiokuwepo, na kokote alikomlaza alimsikia akisema niinueni. Hapa alikuwa anakoroma polepole, vidole vya miguu vimeachana, khanga ikipanda na kushuka usoni.

"Ngoja kidogo," akamwambia kaka yake. "Baba angengoja."

Idrisa akavua koti lake, akamfunika mama yao miguu. Kisha akalala tena upande wake, kule unakotoka upepo, na sasa mvua.