Anayetembea Mikono Mitupu

Amondi alimchukia Sista Nanjala kabla hajamtia machoni. Alimchukia kwa jina tu, kwa namna mumewe alivyolitaja kila wakati wa chakula huku akisukuma sahani pembeni. Sista amesema chumvi ipungue. Sista amesema mafuta basi. Huyo Sista alikuwa nani hata aingie jikoni mwa watu wa Petta, kijijini Uganda, naye yuko Busia ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, na hajawahi kuosha hata kijiko cha nyumba ile?

Owori, mumewe, alikuwa mchinja nguruwe. Siku za soko la Nagongera watu walijazana mbele ya kibanda chake, na ni hapo kibandani alipoanguka, kisu mkononi, kifua kimembana na jasho likimtiririka. Walimvusha mpaka hadi hospitali kubwa upande wa Kenya. Daktari akampitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, akaacha huko kichuma kidogo cha wavu cha kuzuia mshipa usizibe tena. Amondi alilia, akamshukuru Mungu, akatoa sadaka ya kuku kanisani. Alidhani mambo yameisha. Kumbe mgonjwa wa moyo akitoka kwa daktari anaangukia mikononi mwa muuguzi, na muuguzi hana haraka ya kumwachilia.

Kila Jumanne Owori alikwenda Busia, kwa Nanjala, muuguzi ambaye alikuwa akiwakusanya watu waliotoka kutibiwa moyo na kuwafundisha kuishi upya. Wengine walifundishwa kupika, wengine kumeza dawa kwa saa zake, na wote walifundishwa kutembea. Atoke alfajiri kabla jua halijawa kali, akaambiwa Owori, aende kwa mwendo wa haraka hadi mahali fulani, ageuke, arudi. Asibebe jembe wala dumu, wala asikokote baiskeli. Mikono iwe mitupu, ipate kupunga.

Sasa, Petta watu wanatembea kutwa nzima. Lakini kila anayetembea ana kitu chake: jembe, ndoo, mzigo wa kuni, au angalau habari ya msiba. Mtu anayetoka kwake kungali giza, mikono mitupu, akapita kwenye milango ya wenzake bila kubisha hodi, akafika pasipo na kitu akageuka na kurudi vilevile, huyo ana jina lake. Anaitwa jajwok, mchawi anayezurura kwenye maboma ya watu akiwaachia magonjwa. Owori alizaliwa hapo hapo na jambo hilo alilijua tangu utotoni. Alidhani wanamfahamu vya kutosha. Alikuwa amewauzia nyama miaka yote, jamani, watamshuku vipi?

Walimshuku. Ng'ombe wa jirani yao Ogwang alipoharibu mimba, Ogwang hakuhangaika kumtafuta daktari wa mifugo. Alikaa kilabuni akawaambia wanywaji kwamba kuna mtu anapita mbele ya zizi lake kila alfajiri, hana kitu mkononi, hasalimu. Siku chache baadaye Owori alirudi nyumbani akiwa ameshika sikio. Mtu alikuwa amemvurumishia jiwe kutoka kichakani. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, lakini zile dawa za kuzuia damu isigande zilifanya kivuje hadi shati likalowa, na Amondi akapiga yowe. Mchana huo Ogwang alifika na ndugu zake wawili. Hakuketi.

"Asubuhi nyingine nikikukuta mbele ya zizi langu," alisema, "haitakuwa jiwe. Itakuwa panga."

Owori akaacha kutembea, na Amondi, Mungu amsamehe, akafurahi. Hatimaye Nanjala ameshindwa! Akamrudisha mumewe kwenye kiti, akamfunika blanketi, akampikia supu ya nguruwe yenye mafuta yanayoelea juu. Alitaka mwanamume yule anenepe mbele ya macho yake. Jumanne zikapita bila Owori kwenda Busia. Owori akanenepa kweli, akawa mzito, akawa kimya, na ikafika mahali akienda chooni anasimama katikati ya ua, ameshika ghala la mtama, akitafuta pumzi. Mara ya kwanza Amondi alijifanya hakuona. Mara ya pili alijifunga kitambaa kichwani, akapanda boda boda kwenda Busia kumtukana mtu.

Alimkuta Nanjala katika chumba kirefu nyuma ya zahanati. Wanaume kwa wanawake walikuwa wakipiga hatua papo hapo walipo, wameshika migongo ya viti vya plastiki, na mbele yao kamwanamke kafupi kenye raba miguuni kalikuwa kakifoka.

"Juu! Mzee Bartholomew, hilo ni goti ama ni salamu? Inua!"

Amondi hakungoja. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, lakini kwa hasira kilitosha.

"Wewe ndiyo Nanjala? Mimi bibi ya Owori ya Petta. Nimekuja ambia wewe, achana na bwana yangu. Watu nataka kuua yeye sababu ya hii kutembea yako."

Wagonjwa wakaacha kupiga hatua. Nanjala alimtazama kuanzia kitambaa hadi malapa.

"Owori hajaonekana hapa. Yuko wapi?"

"Ako nyumbani. Napumzika."

"Anapumzika." Alilitamka kama neno la matusi. "Akienda choo, anasimama njiani?"

Amondi alikaza fundo la kitambaa chake.

"Nimekuuliza, mama."

"Nasimama."

"Jana alikula nini?"

"Supu."

"Ya nguruwe."

"Yeye nachinja nguruwe! Nataka mimi pikia yeye supu ya nini, ya majani ya chai?"

Mtu mmoja alicheka. Nanjala hakucheka. "Sikiza vizuri. Kile kichuma kimefungua mshipa mmoja. Ile mingine utaiziba wewe na sufuria yako. Na moyo ni nyama, usipofanya kazi unalegea. Endelea kumfunika blanketi, mama. Utamzika mapema, na utamzika amenona."

Mkono wa Amondi ulimwasha. Alitaka kumzaba kibao mbele ya wagonjwa wake wote, na angemzaba, kama si kwamba macho yalimjaa machozi ghafla na hakutaka yule mwanamke ayaone.

"Basi kuja Petta, ambia watu," alisema. "Ambia Ogwang."

"Siji. Huko kwenu mimi ni nani? Mkenya wa kupita tu. Nani atanisikiza?"

"Lakini ni wewe nasema mikono mitupu! Wewe hapana uliza kwetu watu natembea namna gani! Kwetu mtu ya mikono mitupu asubuhi ni mchawi!"

Nanjala alifuta jasho shingoni.

"Hilo sikuuliza," alisema mwishowe, bila kulainisha sauti. "Hapa Busia watu hukimbia asubuhi na hakuna anayewaangalia mara mbili. Lakini kwenu unakujua wewe. Tafuta njia. Mimi ninachotaka ni atembee." Kisha akampa mgongo, akarudi kwenye magoti ya Bartholomew.

Njia nzima ya kurudi Amondi alimtukana kimoyomoyo. Hakuomba radhi, hana adabu, hata kiti hakumpa mgeni. Kilichomuuma kupita yote ni kwamba hakuwa mwongo. Alipofika nyumbani alimkuta Owori amesimama tena pale ghalani, mdomo wazi. Alimpenda mjinga yule. Alimpenda tangu alipokuwa kijana wa kusukuma nguruwe kwa mkokoteni, na hakuwa tayari kubaki bila yeye kwa sababu ya ndama wa mtu.

"Kesho unatembea," alimwambia.

"Ogwang ana panga."

"Nimesikia."

"Labda nibebe jembe, ili watu wadhani ninakwenda shamba."

"Shamba gani liko njia ile? Hata watoto watakucheka. Utatembea mikono mitupu kama ulivyoambiwa, na mimi nitakuwa mbele."

Alfajiri alimvuta kitandani. Jajwok hupita kimya, hupita peke yake, kwa hiyo Amondi alianza kupiga kelele tangu kwenye ua wao wenyewe.

"Mama Patience! Mmeamka? Ni Amondi! Niko na Owori, tunatembeza moyo wake! Mzee Osinya! Ni sisi! Tunapita!"

Mbwa wakabweka. Milango ikafunguka. Osinya akawalaani kutoka dirishani, Mama Patience akauliza kama wamepatwa na wazimu, mtoto mchanga akaanza kulia. Amondi hakumruka hata mmoja. Aliita kila boma kwa jina, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, hadi wakafika kwenye zizi la Ogwang, naye Ogwang amesimama katikati ya njia na panga lake.

"Nilisema nini mimi?"

"Ulisema panga," Amondi alijibu. "Naliona."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwenye kona ya kanisa."

"Kufanya nini?"

"Kugeuka."

"Halafu?"

"Kurudi."

"Mtu gani mwenye akili anakwenda mahali ili arudi?"

"Mgonjwa wa moyo. Ukitaka kumkata, mkate sasa hivi, Ogwang. Watu wote wameamka, nimewaamsha mwenyewe. Wamesikia jina langu na la mume wangu, na sasa wamesikia la kwako."

Ogwang alitazama nyuma yao. Njiani watu walikuwa wamesimama, wengine na shuka mabegani. Panga likashuka kidogo, ila halikurudi kwenye ala.

"Nitawafuata," alisema. "Nione huko konani mnafukia nini."

"Fuata."

Wakatembea. Mgongo wa Amondi ulikuwa wa baridi mwendo wote, ukingoja chuma. Owori alimnong'oneza arudi nyumbani, naye akamwambia anyamaze aendelee na kazi yake. Konani hapakuwa na kitu ila majani. Ogwang aliyachokonoa kwa ncha ya panga, akainama, akanusa.

"Kesho pia nakuja."

"Kesho pia tunapita," Amondi alisema.

Akaja. Akaja na keshokutwa, na wiki iliyofuata, buti zake za mpira zikimpiga miguuni, bila salamu kutoka kwake wala kwao. Hakukosa hata asubuhi ya mvua, kwa kuwa alisadiki kwamba siku atakayolala ndiyo siku watakayofukia uchawi wao. Owori alikuwa sasa anapita ghala la mtama bila kuligusa. Jumanne alirudi kwa Nanjala, akatukanwa kwa kukonda polepole mno.

Kisha asubuhi moja walifika konani na Owori hakugeuka. Alimtazama mkewe tu, akaendelea mbele, kwenye kilima kilicho mbele ya kona, ambacho hakuwa amekipanda tangu alipoanguka. Amondi akafuata, moyo ukimdunda kwa furaha na woga.

Nyuma yao buti zilisimama. Ogwang alikuwa akitweta, mkono mmoja kiunoni, panga limening'inia.

"Mnakwenda wapi tena, nyinyi watu?"

Amondi hakugeuka. Alimshika Owori mkono, akaongeza mwendo.