Maulidi ya Kidawa

Ilani tulipewa Jumamosi: ikifika Ijumaa tuwe tumeshaondoka kwenye shamba la karafuu la Mwera, alikozaliwa baba yangu. Mwaka ule wa 1958 walihamishwa wengi kwa sababu ya siasa. Mwenye shamba alisikia kwamba baba alikipigia kura chama kisichokuwa chake, basi.

Jumatatu, Januari ndiyo kwanza inaanza, mdogo wangu Kidawa akarudi mbio kutoka skuli na barua mkononi. Amefaulu kuingia sekondari ya wasichana mjini. Katika skuli yetu nzima, msichana aliyefaulu ni yeye peke yake.

Baba aliigeuza ile barua, kisha akanipa mimi nimsomee. Nilisoma polepole, maana niliishia darasa la tatu. Nilipomaliza akaikunja.

"Alhamdulillahi," alisema. "Lakini tunakwenda Makunduchi kukaa kwa watu, hata pa kulala hatupajui. Atakwenda mwakani."

Kidawa hakulia. Aliyetoka nje ni mimi. Neno hilo la "mwakani" nalijua. Niliambiwa hivyo hivyo nilipotolewa skuli nije kumlea yeye. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini.

Jikoni nilimwambia mama maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu. "Mama, tumsomee maulidi. Watu waje, waisikie barua, isomwe fatiha aende. Fatiha ikishasomwa mbele za watu, baba hawezi kurudi nyuma."

"Tuwalishe nini?"

"Mihogo."

"Mbona haijakomaa?"

"Tumwachie nani ikomae?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanapili! Mtoto hasemi huyu, kumbe anaweka akiba!"

Jumatano tukaing'oa mihogo yote. Majirani walikuja kusaidia, waliopewa ilani na wasiopewa. Nazi za shambani hatukugusa hata moja, kwa kuwa minazi ni ya mwenye shamba. Shangazi yetu Bi Mashavu alipanda basi kutoka kwake Mkunazini, mjini, na makapu mawili ya nazi alizonunua marikiti. Baba alirudi akakuta wanawake wamekalia mbuzi, wanakuna nazi.

"Kuna nini hapa?"

"Kaka, mwanao kafaulu, nawe kimya," shangazi alimjibu. "Ulitaka tuambiwe na kunguru?"

Baba akaketi. Wageni wameshafika, utawafukuzaje?

Alasiri, matari ya maulidi yanalia, akaja Usi, nokoa anayemsimamia tajiri shamba lake. Alishuka kwenye baiskeli asitoe hata salamu.

"Mtu kapewa ilani, anapiga matari! Mnamcheka tajiri?"

"Hatumcheki," mama alisema. "Tunacheka na mtoto wetu."

Usi akatazama vifuu vilivyolundikana. "Nazi hizi za wapi?"

"Za marikiti, bwana," shangazi alidakia. "Nenda kahesabu zako juu ya minazi. Ikipungua moja, njoo unifunge kamba."

Wanawake wakapiga vigelegele. Usi alizidi kukasirika. "Na mihogo? Nani kawapa ruhusa kuing'oa?"

"Aliyeipanda," mama alisema.

Baba akasimama. Nilimwona uso umemshuka. "Bwana Usi, tunamaliza sasa hivi. Jamani, kuleni haraka mtawanyike."

Matari yakanyamaza. Watu walianza kutafuta viatu vyao. Kidawa aliniangalia mimi, si baba wala mama. Nikasimama. Kanga niliishika kidevuni ili nisionekane mdomo.

"Maalim Machano," nilimwita mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, "barua bado haijasomwa."

Nikaisoma. Sehemu mbili nilikwama, nikarudia. Nilipofika kwenye jina la Kidawa niliinua sauti mpaka mwenyewe nikashtuka. Kisha nikasema, "Naomba isomwe fatiha, aende."

Maalim alimgeukia baba. "Jecha, mtoto ni wako. Tumwombee aende?"

Baba alimtazama Usi, akawatazama watu. Mwisho akamtazama Kidawa.

"Aende," alisema. "Januari hii hii."

"Al-Fatiha."

Mikono yote ikainuka. Usi naye, aliyefundishwa Kurani na Maalim huyo huyo, aliiegemeza baiskeli kiunoni akainua yake.

Baada ya amina alisema, "Ijumaa ni Ijumaa lakini."

"Nnajua," baba alimjibu. "Kaa ule kwanza."

Akakaa, akala sahani mbili.

Alhamisi asubuhi shangazi aliondoka na Kidawa, akakae naye Mkunazini. Baba alijitwika sanduku la mtoto mwenyewe. Kituo cha basi kina njia ya mkato, nyuma ya mikarafuu, ndiyo tuliyoizoea. Siku ile baba hakuifuata. Alishika barabara kubwa, akapita na sanduku lake kichwani mbele ya baraza la mwenye shamba, watu wamekaa wanakunywa kahawa, akawatolea salamu kwa sauti. Kidawa alimfuata nyuma, na mimi nyuma ya Kidawa. Tulitembea taratibu.