Sufuria Yaenda Kuchagua Bomba

Bomba la jikoni lilivunjika asubuhi, mikononi mwa mpishi mwenyewe. Mtaani walimwita Mama Shughuli, kwa sababu hapakuwa na harusi wala mahafali yaliyopita bila yeye kuinamia jiko. Alikizungusha kichwa cha bomba kwa nguvu zake za kila siku, kichwa kikabaki mkononi, na maji yakaruka mpaka darini.

"Baba! Funga koki ya nje! Nazama jikoni kwangu!"

Mumewe alikuwa kinyozi, na chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mbele wa nyumba ileile. Alitoka mbio na mashine mkononi, akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Alipokwisha kufunga koki alimkuta mkewe amelowa chapachapa, kilemba kimemshukia jichoni, anacheka peke yake.

"Sasa unacheka nini?"

"Limekufa! Limekufa lenyewe, tena mbele ya shahidi. Usije ukaniambia tena kwamba bado linafaa."

Shahidi alikuwa mama yake kinyozi, aliyesimama mlangoni akiwa amejishika mdomo kwa kicheko. Alikuwa akiishi nao tangu vidole vyake vilipoanza kukakamaa. Kushika kijiko kwake ilikuwa kazi, na lile bomba la kuzungusha lilikuwa limemshinda kabisa. Alipotaka maji ya kunywa aliita mtu. Asipokuwepo mtu, alikaa na kiu yake kimya.

Mama Shughuli alibadilisha nguo, akajitwika sufuria yake kubwa kuliko zote.

"Unakwenda wapi na hiyo?" kinyozi akauliza.

"Kununua bomba."

"Tangu lini bomba likanunuliwa kwa sufuria?"

"Wewe unanunua kiatu bila kukijaribu? Hii haijawahi kuingia chini ya bomba tangu niolewe. Nimeijaza kwa jagi mpaka bega limelegea. Leo inakwenda kujichagulia yenyewe."

"Nisubiri nichukue mtandio," mama mkwe akasema. "Hili silikosi."

Njia nzima watu waliwauliza leo wanapika kwa nani, nao wakajibu kwamba wanapika dukani.

Katika duka la vifaa vya ujenzi, mabomba yalikuwa yamepangwa juu ya ubao mrefu, yanametameta. Mama Shughuli aliyatazama kama mtoto aliyefunguliwa kabati la peremende. Alianza na moja la rangi ya dhahabu. Alilipima kwa kiganja, likawa jepesi kama kikombe cha plastiki.

"Hilo wengi wanalipenda," muuzaji akasema, penseli sikioni. "Lakini sikufichi, rangi ni ya juu tu. Baada ya muda inabanduka."

"Basi libaki kwa wengi. Nionyeshe zito."

Akaonyeshwa la shaba, lenye shingo ndefu iliyopinda na vichwa viwili vya kuzungusha. Sufuria ikawekwa chini yake, ikaingia na nafasi ikabaki! "Ndilo hili! Mama, njoo uone!"

Mama mkwe hakuja. Alikuwa mwisho wa ubao akijaribu kichwa cha bomba jingine, na hakikusogea. Alipoona anatazamwa, akaiingiza mikono haraka ndani ya mtandio.

"Zuri sana, mwanangu. Chukua hilo."

Mama Shughuli aliitazama mikono ile iliyofichwa, akalirudisha bomba ubaoni.

"Kaka, huna lisilohitaji kuzungushwa?"

Lilikuwepo moja, nalo pia la shaba, lenye mkono mmoja mrefu juu yake. Mama mkwe aliusukuma mkono ule kwa kiwiko. Ukapanda. Akausukuma tena, ukashuka.

"Heee! Linafunguka!" Akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka wateja wengine wakaanza kumtazama yeye badala ya bidhaa.

Lakini shingo ilikuwa fupi. Sufuria iligonga, ikakataa kuingia. Mama Shughuli akaishusha sakafuni. "Haidhuru. Jagi nimelizoea."

"Hapana, usijitese kwa ajili yangu," mama mkwe akasema, akaliegemea bomba ili alisukume kando. Mdomo wa bomba ukachomoka, ukamfuata mkononi. "Mungu wangu! Nimelivunja! Mabomba mawili siku moja!"

Muuzaji aliangua kicheko. "Hujavunja kitu, mama. Vuta tu."

Akavuta. Kumbe nyuma ya mdomo kulikuwa na mpira mrefu, nao ukatoka, ukatoka, ukavuka ukingo wa ubao, ukafika kwenye sufuria iliyokuwa sakafuni. Wanawake wawili walitazamana, kisha wakapiga kelele kwa pamoja.

Mchana huohuo alikuja fundi bomba, mwanamke mwenye spana kiunoni. Kabla ya kulifunga bomba jipya aliyaacha maji yatoke kwanza kwenye bomba la ukutani mpaka kutu yote ikaisha. "Kulitunza si kazi," akawaambia. "Lifuteni kwa kitambaa laini, msilisugue kwa waya wa masufuria. Na mdomoni kuna kichujio. Kikishika ukoko mweupe, kilowekeni kwenye siki."

"Hiyo niachieni mimi," mama mkwe akasema papo hapo.

Yeye ndiye aliyefungua maji ya kwanza. Alijaza glasi, akanywa yote amesimama palepale, akajaza nyingine. Hakuna aliyemsaidia, na mwanawe aligeukia dirishani kwa muda.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Shughuli akiwa na masufuria ya harusi kila kona, maji yakaanza kutoka kama uzi.

"Nimekwisha! Watu wanakula saa nane!"

"Jipya hilo limeshachoka?" kinyozi akaanza.

"Wewe nyamaza, ulete siki," mama yake akamkatiza. Alimwelekeza jinsi ya kufungua mdomo wa bomba. Kichujio kikatoka kimejaa mchanga na ukoko. Akakiloweka kikombeni, kisha akaukumbatia mswaki wa zamani kwa viganja viwili, akasugua taratibu, hakutaka kuharakishwa. "Haya, kirudishe. Usikaze kama unafunga gurudumu."

Kinyozi alifungua. Maji yalitoka kwa kishindo, yakangurumia ndani ya sufuria, na Mama Shughuli akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani kaposwa.

"Hakuna!" mama mkwe akajibu, mikono inadondoka siki. "Ni maji tu!"