Sare ya Mama Kaluki

Mbuzi waliurarua mtego wa kitambaa ambao sisi watafiti tuliwategea mbung'o kando ya mto, huku Kivaa, na kitambaa kipya kingefika baada ya wiki mbili. Mama Kaluki, mkulima wa hapo, alikuwa ameshapoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa mbung'o. Alibaki na maksai wawili wa kulimia, na mvua ilikuwa karibu.

"Ulisema mbung'o hupenda rangi ya buluu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Huifuata wakidhani ni mnyama."

"Na hilo ndilo ulilosomea chuo kikuu? Sisi wenye leso za buluu tumeumwa mtoni miaka yote, na hakuna aliyetupa digrii!"

Nilicheka. Aliingia nyumbani, akatoka na kitambaa cha buluu alichonunua kushonea sare ya kwaya.

"Mama, Pasaka utavaa nini?"

"Mungu anaijua sauti yangu hata nikivaa gunia. Shika mkasi, mwanangu."

Kesho yake mtego ulikuwa na mbung'o thelathini na mmoja.

Siku ya Pasaka alisimama katikati ya kwaya ya buluu akiwa na gauni lake kuukuu la kahawia, akiimba kuwashinda wote. Shamba lake lilikuwa limeshalimwa.