Mteja wa Kwanza wa Diệp

Kwa siku tatu mama yake Thoa hakuwa ameweka tonge kinywani. Alichotaka pale hospitalini ni wali wa chenga tu, na Thoa alishamletea mara mbili, kutoka vibanda viwili tofauti vya Saigon. Mara zote mama alionja kidogo akatema kwenye leso. Huu ni mchele mzima uliovunjwa makusudi, alisema, una kiini kigumu. Chenga za kweli zikipikwa kwa mvuke hulainika zote. Daktari naye hakuficha: mgonjwa asipokula leo, kesho wasimtegemee.

Kilibaki kibanda kimoja alichojua kinapika chenga za kweli, cha Diệp, dada yake Thoa.

Alipofika kichochoroni kulikuwa kunapambazuka. Diệp alikuwa akipepea mkaa, nyama ya nguruwe imelowa mchaichai kando yake, na mteja hakuna hata mmoja. Mji mzima unajua kwamba mteja wa kwanza ndiye anayebeba bahati ya siku, na mwenye nuksi huchomewa karatasi akishaondoka, kuufukuza mkosi wake. Miaka sita nyuma, siku Diệp alipofungua kibanda hiki, Thoa ndiye aliyeagiza sahani ya kwanza, naye alikuwa mjane mbichi, kitambaa cheupe cha msiba bado kichwani. Jioni ile mume wa Diệp aligongwa na lori. Upuuzi, utasema wewe; kamwambie hivyo mwanamke aliyemzika mumewe. Tangu hapo Diệp hakusema naye, wala hakukanyaga nyumba yake, ingawa mama yao aliishi humo.

Thoa akajibanza ng'ambo, akiomba mtu yeyote yule atangulie. Badala yake ikaja mvua. Pikipiki zilipita na makoti yao ya plastiki, hakuna iliyosimama. Kisha muuguzi akapiga simu kusema mama ameanza kusinziasinzia, afanye haraka. Thoa akavuka.

"Dada Diệp, naomba wali wa kubeba. Ni wa Mama, yuko hospitali."

Diệp hakuinua uso. "Unajua wewe ndo wa kwanza leo?"

"Najua. Nimengoja mtu atangulie, hajaja. Nikiondoka choma karatasi, choma hata daftari zima. Ila nipe."

"Mama kala lini?"

"Leo siku ya tatu."

Diệp akachukua birika, akaumwagia mkaa maji. Moshi ukawafunika wote wawili. Thoa alijua amefukuzwa, na machozi yakamtoka asiyafute. Dada yake akafunika nyama, akakunja viti vya plastiki kimoja kimoja, akageuza bango likatazama ukuta. Halafu akafunua sufuria, akajaza kopo wali, akamwagia juu mafuta ya vitunguu vya majani.

Thoa akanyoosha noti. Diệp akausukuma mkono wake.

"Rudisha. Leo sijafungua, kwa hiyo hapa hakuna mteja, wa kwanza wala wa mwisho." Akavua aproni. "Mama yuko wodi gani?"