Jicho Lipi la Yusra?

Nyumba yangu ya Manundu, hapa Korogwe, haijawahi kukosa mgeni, lakini siku aliyokuja Yusra wageni walijaa hadi wengine wakakalia vinu. Pilau walikula, sawa, ila kilichowaleta nakijua: kuona mtoto aliyetolewa jicho anafananaje.

Yusra ni binti wa mdogo wangu Mwaija, aliyeolewa Handeni. Alipofika miaka miwili jicho lake moja lilianza kung'aa weupe kila likipigwa na mwanga, kama la paka. Maneno yaliyosemwa nayajua yote, maana hayanipiti. Hospitali kubwa Moshi wakasema moja tu: saratani, jicho litolewe.

Hapo ukawaka moto. Bibi Amne, mama mkwe wa Mwaija aliyewasindikiza, alisema mtoto wa kike chongo nani atamposa? Heri warudi nyumbani kwenye dawa za mizizi, jicho libaki mahali pake. Hata Sabiri, baba mtoto, akaanza kuyumba. Basi Mwaija, mpole yule ambaye hata kuku akidonoa mchele wake humwangalia tu, akamwomba daktari aseme tena, mbele ya wote.

"Jicho hili halioni tena," daktari akasema. "Tukiliacha, saratani itapita humo mpaka kwenye ubongo. Tunatoa jicho ili tubaki na mtoto."

"Toeni," Mwaija akajibu. "Habari za posa tutazizungumza akiwa hai."

Wakalitoa. Walipolipima wakakuta ugonjwa haujavuka nje yake. Kidonda kilipopona wakamwekea la bandia, na kila alipoitwa kuangaliwa Mwaija hakukosa safari.

Basi siku hiyo kwangu Yusra, sasa ana miaka mitano, akaingia sebuleni na gauni lake la njano, akasimama katikati yetu.

Mwaija akamgeukia mkwewe. "Mama, chagua. Lipi la bandia?"

Bibi Amne, ambaye tangu Moshi hakuwa amemwona mjukuu na upande wa jicho keshausahau, akamshika mtoto kidevu, akatazama la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia.

"Hili."

Yusra akacheka. "Hilo ndilo ninalokuonea, bibi."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Bibi Amne hakucheka. Alimpakata mjukuu, akamgeuza atutazame sote, na shingo yake mwenyewe ikarefuka kwa fahari.

"Haya, wenye macho mawili," akasema. "Na nyinyi chagueni."